SOMO LA NYUMBANI: MAZIWA YA KARANGA

Ndugu Wanachama,

Somo letu safari hii si la karafuu, lakini aliyezoea kuanika karafuu atalifahamu upesi. Ni juu ya maziwa ya karanga, kinywaji kinachotengenezwa nyumbani pasipo maziwa ya ng'ombe wala ya mbuzi. Mfano tumeutoa bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro, unakotoka mchele tunaoupenda.

Hali ya bonde

Mji wa Ifakara upo karibu na mto Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na ya Mahenge. Zamani mbung'o walikuwa wengi huko na ng'ombe walikuwa haba. Baadaye wafugaji waliingia na makundi yao, hata mwaka 2012 Serikali ikaendesha kazi ya kuondoa mifugo katika ardhi oevu ya bonde. Tena, huko kama huku kwetu, wako watu wazima wengi ambao wakinywa maziwa ya ng'ombe tumbo hujaa na kuendesha, kwa kuwa mwili hauwezi kuyeyusha sukari iliyomo. Kwa watu kama hao karanga ni msaada mkubwa: gramu 100 za karanga kavu zina kiasi cha gramu 25 za protini.

Kwanza, karanga yenyewe

Bonde lile ni la joto na unyevu, na visiwa vyetu ni hivyo hivyo. Karanga ikihifadhiwa kabla haijakauka huota ukungu, na ukungu huo huweza kutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Haina rangi wala harufu ya kuitambulisha, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliyokuwa ndani ya mahindi iliua watu wapatao 20. Basi jambo hili si la kuchezea.

Dawa yake ni kazi tunayoijua. Karafuu iliyokauka hukatika kwa mlio. Karanga iliyokauka hulia ndani ya ganda ukiitikisa. Anika juu ya jamvi au turubai, si juu ya udongo mtupu, na weka magunia mahali pakavu, juu ya chanja. Kisha chambua, kama tuchambuavyo makonyo: zilizosinyaa, zilizogeuka rangi, zenye ukungu na zilizotobolewa na wadudu zitupwe, wala kuku wasipewe. Sokoni nunua karanga nzima. Zilizokwisha kusagwa huwezi kuzichambua.

Jinsi ya kutengeneza

1. Pima kikombe 1 cha karanga mbichi zilizochambuliwa. Osha, kisha loweka katika maji safi usiku kucha.
2. Mwaga maji ya kulowekea. Sugua karanga kwa mikono mpaka maganda mekundu yatoke.
3. Twanga katika kinu kisafi mpaka ziwe laini kabisa, ukinyunyiza maji kidogo kidogo.
4. Changanya na vikombe 4 vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kamua kwa kifumbu au kitambaa cheupe, kama ukamuavyo tui la nazi.
5. Teleka kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, maana hushika chini na kufura upesi. Yakianza kuchemka, yaache dakika 15.
6. Tia chumvi chembe, sukari kidogo na karafuu 2. Toa karafuu kabla ya kunywa.

Maziwa haya yanywewe siku ile ile. Machicha yasitupwe; yatie katika mchicha au kisamvu.

Nani asipewe

Mtoto mchanga asipewe. Miezi 6 ya kwanza chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine. Maziwa ya karanga yana chokaa ya mifupa kidogo sana. Hayawezi kushika mahali pa maziwa ya mama. Mama asiyeweza kunyonyesha aende zahanati kupata shauri, asijaribu kwa karanga.

Pia wako watu ambao miili yao haipatani na karanga. Mtu akila akavimba midomo au akashindwa kupumua vizuri, apelekwe hospitali mara moja, na asile karanga tena.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini kuchemsha hakutoshi kuifanya karanga mbovu iwe salama?
2. Utajuaje kwamba karanga imekauka?
3. Kwa nini ni afadhali kununua karanga nzima?
4. Mtoto wa miezi 4 apewe nini?

Majibu yote yamo katika somo. Asomaye na awasomee walio nyumbani, hasa wanaotwanga na wanaolea.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama