Lazima nitoke kutembea jioni?

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 52, fundi cherehani, naishi Ujiji. Mwaka jana nilikutwa na presha ya kupanda, nikaanzishiwa vidonge na nikaambiwa nifanye mazoezi, hasa ya kutembea. Binti yangu aliye Dar es Salaam amelishikia bango. Kila jioni anapiga simu: "Mama, umetoka leo?" Daktari, sipendi, na sikupenda hata nilipokuwa msichana. Nitoke nyumbani sina ninakokwenda, nizunguke mpaka ziwani halafu nirudi, naona ni kupoteza muda, na kila nyumba ninayopita wananiuliza kuna nini. Nikiwa ndani na cherehani yangu na redio yangu nina raha kabisa. Wajukuu ninao, wateja ninao, wala si mpweke. Je, kutopenda kutembea ni ugonjwa? Na presha itashuka nisipotembea?
Mama Fundi, Ujiji

JIBU: Swali la kwanza jibu lake ni fupi: hapana, si ugonjwa. La pili lina maelezo, na maelezo hayo yatakupendeza nusu.

Nianze na mji wako. Ujiji ni mji uliofikiwa kwa miguu kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikakata zaidi ya kilomita elfu moja hadi hapo ziwani. Burton na Speke walifika Februari 1858. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kumkuta Livingstone Ujiji Novemba mwaka huohuo, akiwa na wapagazi waliobeba mizigo mabegani na vichwani njia nzima. Na kuna waliotembezwa kwenda upande wa pili, kuelekea pwani, wakiwa kwenye minyororo. Katika watu wote hao waliokanyaga vumbi la Ujiji, sidhani kama yupo aliyefunga safari ili anyooshe miguu. Aliyetembea alikuwa na shida, mzigo, biashara, au alilazimishwa. Matembezi ya kupunga hewa ni desturi ya watu walioshinda wamekaa, na majirani zako wanaouliza "kuna nini?" hawana kosa: kwao mtu akipita jioni peke yake, bila mzigo na bila haraka, huenda kuna mgonjwa au msiba.

Tena si Ujiji tu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao bado wanaishi kwa kuwinda na kuokota. Waliwafunga mapajani vifaa vidogo vya kurekodi mwendo. Ilionekana kwamba Wahadzabe hupumzika takriban saa 10 kwa siku, muda ambao hautofautiani sana na wa watu wa nchi tajiri wanaoshinda kwenye viti. Pamoja na hayo, maradhi ya moyo kwao ni nadra. Walichotofautiana nacho ni mambo mawili. Mhadzabe akipumzika, mara nyingi huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Na akiinuka, anainuka kweli: anafuata asali, mizizi, maji au mnyama. Daniel Lieberman, profesa wa Harvard anayechunguza maumbile ya binadamu, amekuwa akieleza kwamba mwili wetu umezoea kutunza nguvu na kuzitumia panapokuwa na sababu. Kwa hiyo unaposema huoni maana ya kwenda ziwani na kurudi mikono mitupu, hilo ni jambo la kibinadamu kabisa. Binti yako asikuite mvivu.

Sasa ile nusu nyingine. Moyo hauna habari kama ulifurahia njia au ulinuna. Wenyewe unajali umedunda kwa kasi gani na kwa muda gani. Kazi yako, mama, ni ya kukaa. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jeremy Morris, aliwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa, makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa wakikata tiketi. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva. Hakuna kondakta aliyekuwa mwanamichezo kwa kazi ile. Alikuwa kazini tu, na miguu ikapata fungu lake humohumo. Wewe upo kwenye kiti cha dereva.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani. Shughuli ya wastani ni ile ambayo ukiwa unaifanya unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukigawanya ni kama dakika 22 kwa siku. Mwongozo huo hauchagui: kutembea kwenda sokoni, kuchota maji, kulima, kudeki kwa nguvu ukiwa umepiga magoti, kutwanga kisamvu kwenye kinu, vyote vinahesabiwa. Lile sharti la zamani kwamba lazima uunganishe dakika 10 mfululizo limeondolewa. Dakika 4 asubuhi na 6 adhuhuri zinaingia kwenye hesabu. Kufagia polepole huku unaongea na simu, hapana, hiyo haifikii.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia "matembezi". Nakuandikia shughuli za kwenda. Gauni la mteja likiisha, usimwite bodaboda wala usimtume mjukuu. Lipeleke mwenyewe, kwa mwendo wa mtu anayesubiriwa. Ukiwa na kifurushi kwapani hakuna atakayekuuliza kuna nini. Dagaa na migebuka, wafuate mwenyewe mwaloni asubuhi boti zinaporudi, badala ya kungoja wachuuzi wapite mlangoni. (Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hupumzika, kwa hiyo wiki hiyo tafuta safari nyingine. Uzi na vifungo havijui mwezi.) Ukienda mjini Kigoma kwa daladala, shuka mapema kidogo, sehemu iliyobaki umalizie kwa miguu. Kumjulia hali mzazi aliyejifungua, kwenda hitima, kwenda kudai deni: hizo zote ni dawa, na hiyo ya mwisho huongeza mwendo wenyewe. Ila vaa viatu vinavyoshika mguu. Malapa kwenye mteremko wenye changarawe yametuletea vifundo vingi vilivyoteguka.

Kuhusu hizo hatua 10,000 ambazo huenda binti anazihesabu kwenye simu yake, namba hiyo ilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Haikutoka maabara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa miaka 72, ulikuta waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikaacha kuongezeka kwenye hatua kama 7,500. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kila kitu, lakini unatosha kumwondolea mtu hofu ya hiyo elfu kumi.

Kiti chako nacho kina jambo lake. Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliwakalisha watu wazito 19 kwa saa kadhaa baada ya kuwapa kinywaji chenye sukari na mafuta. Siku walizoinuka kila baada ya dakika 20 na kutembea dakika 2 tu, sukari yao ya damu ilipanda kidogo kuliko siku walizokaa mfululizo. Fundi ana bahati ya kuwa na sababu nyingi za kuinuka. Weka pasi upande wa pili wa chumba. Mkasi na vitambaa weka mbali na mkono. Ukimaliza mshono mmoja, inuka ukapige pasi, halafu urudi. Na kama cherehani yako ni ya kukanyaga, usiifunge mota.

Kuna zoezi moja linalokufaa zaidi kwa sababu linafanyika ndani, milango ikiwa imefungwa, redio ikiwa imewashwa. Egemeza mgongo ukutani, miguu ikiwa mbele kidogo, kisha teleza chini hadi magoti yakunjike kama umekaa, na ubaki hapo bila kiti. Watu huanza na sekunde 20 au 30, tena kwa kushuka kidogo tu. Lengo ni kufika dakika 2, upumzike dakika 2, urudie mara 4, siku 3 kwa wiki. Mapaja yatalalamika. Pumua kawaida, usibane pumzi hata kidogo, maana kubana pumzi kunapandisha presha palepale. Mwaka 2023 jarida la tiba ya michezo la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa majaribio 270, na mazoezi ya aina hii ya kukaza misuli bila kusogea ndiyo yaliyoongoza kwa kushusha presha: kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa kama 8, wakati kwa mazoezi ya kutembea na kukimbia kilishuka kama 4 na nusu. Hiyo haikupi ruhusa ya kuacha kutumia miguu, kwa sababu kutembea kunasaidia pia sukari, uzito na mifupa. Kama magoti yanauma, usishuke sana. Kama presha yako inasoma 180 au zaidi kwa kipimo cha juu, au 110 au zaidi kwa cha chini, usifanye zoezi lolote, nenda hospitali kwanza.

Na kama utakaa ndani, basi ndani pawe salama. Nauliza juu ya pasi. Mafundi wengi bado tunawaona na pasi ya mkaa, na jiko la kuwashia likiwa pembeni, dirisha limefungwa vumbi lisiingie kwenye vitambaa. Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ukipata kichwa kuuma na kizunguzungu kila ukipiga pasi, usikimbilie kusema ni presha. Washia mkaa uani, na upigie pasi barazani au penye hewa inayopita. Ikiwezekana, asubuhi toa hata cherehani nje, barazani: mwanga wa mchana husaidia macho yako kwenye uzi mweusi, husaidia usingizi wa usiku, na ngozi hupata jua la kutengenezea vitamini D. Huko si kutembea, kwa hiyo hatujavunja msimamo wako.

Wewe hukunitia wasiwasi kwa sababu umesema hukupenda tangu ujana na una raha zako. Lakini safu hii inasomwa na wengi, na wapo ambao maneno yao ni mengine: "Zamani nilikuwa natoka, siku hizi sitaki." Huyo nataka aonwe. Kama ameacha kutoka kwa sababu kila akitembea kidogo misuli ya nyuma ya mguu inauma na akisimama inaacha, mishipa ya damu ya miguu ichunguzwe. Kama anaishiwa pumzi, au miguu inavimba, ni moyo au figo mpaka ithibitike vinginevyo. Kama haoni vizuri njia, huenda ni mtoto wa jicho, na upasuaji wake unarudisha watu sokoni. Kama kwa wiki mbili au zaidi hafurahii hata alivyovipenda, halali, hali, au anawaza kufa, hiyo ni sonona na ina tiba. Na wapo akina mama, wengi kuliko wanavyodhani wenyewe, wanaojifungia kwa sababu mkojo unavuja wakikohoa au wakipanda mlima, wakahofia harufu. Mama zangu, hilo si aibu ya kufa nayo. Kuna mazoezi ya nyonga, na kwa wenye fistula kuna upasuaji, ambao hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huufanya bila malipo. Kwa mkoa wenu anzieni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni.

Chumvi nitaigusa tu: yote ya siku nzima, pamoja na iliyo ndani ya samaki wa kukaushwa kwa chumvi, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Vidonge usiviache, Mama Fundi, hata ukijisikia mzima, hata ukuta ukikuletea matokeo mazuri. Anayevipunguza ni yule anayekutibu, akiwa na vipimo mkononi. Nunua daftari la kurasa chache, pima presha mara mbili kwa wiki, asubuhi, ukiwa umetulia dakika 5, na uandike. Tunataka iwe chini ya 140 kwa 90. Baada ya miezi mitatu lipeleke daftari kliniki. Na binti yako mwambie nimesema hivi: asikuulize tena umetoka, akuulize imesoma ngapi.