Damu Kwenye Choo na Upasuaji wa Saratani ya Utumbo Mpana

Mtu akiona damu kwenye choo, jambo la kwanza analofikiria ni bawasiri. Mara nyingi huwa ni bawasiri kweli. Hununua dawa ya kupaka, huacha pilipili, na damu ikikoma kwa wiki mbili husahau. Wengine hutibiwa amiba mara mbili, mara tatu, bila kupimwa. Lakini saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nayo hutoa damu inayokuja na kukoma vivyo hivyo. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja.

Utumbo mpana una urefu wa takriban mita 1.5. Saratani nyingi huanza kama kijinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani, kisichouma, ambacho kwa kawaida huchukua miaka kama 10 kugeuka. Dalili hutegemea upande. Upande wa kulia choo bado ni majimaji, kwa hivyo uvimbe hukua bila kuziba njia, huku damu ikivuja kidogo kidogo bila kuonekana. Mgonjwa hulalamika uchovu tu. Mwanamume, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, akipungukiwa damu bila sababu inayojulikana, asipewe vidonge vya kuongeza damu pekee. Utumbo wake uchunguzwe. Upande wa kushoto njia ni nyembamba na choo ni kigumu. Huko mtu hufunga choo kisha huhara, choo huwa chembamba, au huhisi haja haijaisha hata akitoka msalani.

Uchunguzi huanza na kidole cha daktari chenye glavu. Wengi hukataa kwa aibu, ilhali uvimbe mwingi wa puru hugunduliwa kwa kidole hicho, kwa dakika moja. Kisha hufuata kolonoskopi, kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya haja kubwa. Kijinyama kikipatikana mapema, huondolewa papo hapo na mgonjwa hahitaji kupasuliwa. Palipo na uvimbe, hukatwa kipande cha kupeleka maabara, na picha ya CT huonyesha kama ugonjwa umefika kwenye ini au mapafu.

Saratani ikithibitishwa na ikiwa bado haijasambaa, upasuaji ndio nguzo ya tiba. Daktari haondoi uvimbe peke yake. Hukata sehemu ya utumbo pamoja na mishipa yake ya damu na tezi za limfu zinazoandamana nayo, kwa sababu saratani husafiri kupitia tezi hizo. Maabara hutakiwa kupima angalau tezi 12. Saratani ikipatikana ndani yake, mgonjwa kwa kawaida huongezewa tibakemikali. Ncha mbili za utumbo zilizobaki huunganishwa kwa uzi au kwa pini maalum.

Puru ni kazi ngumu zaidi. Iko ndani ya nyonga, imebanana na kibofu na viungo vya uzazi, na karibu na misuli inayozuia haja. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa mionzi na tibakemikali kwanza ili uvimbe unywee. Muungano ukiwa chini sana, daktari hutoa utumbo kwenye ngozi ya tumbo kwa miezi michache ili kidonda kipone, na choo hupokelewa kwenye mfuko. Uvimbe ukiwa umeshika misuli yenyewe, mfuko huwa wa kudumu.

Mfuko huo huogopwa kuliko ugonjwa. Wapo waliotoroka wodini walipotajiwa. Ukweli ni kwamba wenye mfuko hulima, huuza sokoni, huenda ibadani na hulala na wenzi wao. La muhimu ni mgonjwa na mtu wa nyumbani kwake wafundishwe kuubadilisha kabla ya kuruhusiwa kwenda, na waulize mapema mifuko mingine itapatikana wapi. Karatasi ya plastiki iliyofungwa kwa kamba huchubua ngozi.

Hofu nyingine ni kwamba kisu kikigusa saratani, hewa huingia na ugonjwa huenea. Hewa haienezi saratani. Imani hii hutokana na jirani aliyepasuliwa akafa baada ya miezi michache. Mara nyingi mtu huyo alifika akiwa amechelewa, na upasuaji ulikuwa wa kufungua njia iliyoziba tu. Kumbukumbu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikigunduliwa ingali utumboni tu, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika viungo vya mbali, ni kama 15 kati ya 100.

Kuna hali isiyosubiri kliniki. Tumbo likivimba na kukaza, mtu asipate choo wala kutoa hewa, na aanze kutapika, huenda utumbo umezibwa na uvimbe au umejisokota, tatizo linalojulikana sana Afrika Mashariki. Asipewe dawa ya kuharisha. Apelekwe siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Utumbo uliokosa damu huoza kwa saa chache.

Kwa wengine, safari huanzia zahanati au kituo cha afya, ambako huandikiwa barua ya rufaa. Usajili na michango ya SHA ikaguliwe kabla ya siku ya kulazwa. Aliye na mzazi, kaka au dada aliyeugua saratani hii aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao nduguye aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Aliyekwisha kupasuliwa hurudi kliniki kwa miaka 5, na kolonoskopi hurudiwa baada ya mwaka mmoja, hata kama anajihisi mzima.