Funga Rekodi za Chama kwa Nenosiri Kabla ya Kuzituma

Makatibu wengi wa vyama huweka orodha ya wanachama, nambari za vitambulisho na michango kwenye kompyuta iliyo mbali, wanayoifikia kwa intaneti. Kompyuta hiyo si yao, wala hawana ruhusa ya msimamizi ya kuweka programu mpya. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Hapa panahitajika kusimba faili, yaani kuigeuza isisomeke bila nenosiri. LibreOffice, ikiwa tayari imo, hukuwezesha kuweka nenosiri unapohifadhi hati, bila kumwomba msimamizi chochote. Lakini ukiandika nenosiri kwenye kompyuta ya mwingine, anayeisimamia anaweza kulinasa. Nakala uliyoifuta pia huenda ikarejeshwa.

Kwa hivyo ni heri kusimba kwenye kompyuta yako mwenyewe, kisha utume faili iliyokwisha kufungwa. Programu ya 7-Zip ni ya bure na hufunga folda nzima kwa usimbaji wa AES-256. Chagua muundo wa 7z, na uweke alama penye kusimba majina ya faili. Usipofanya hivyo majina yataonekana, na jina kama "wasiolipa mikopo" limeshasema mengi.

Nenosiri liwe refu. Mpe mweka hazina ana kwa ana, si kwa barua pepe iliyobeba faili yenyewe. Likisahaulika, hata fundi hataweza kuifungua.