Kabla Hujasaini Mkataba wa Umeme Texas

Anayehamia Houston au Dallas kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Bukavu hukutana na swali ambalo nyumbani hakuwahi kuulizwa: umeme utanunua kwa nani? Alikotoka kulikuwa na shirika moja tu, iwe Kenya Power, TANESCO au SNEL. Texas ilipitisha sheria ya kufungua soko mwaka 1999, na tangu Januari 2002 wakazi wa sehemu kubwa ya jimbo hilo hujichagulia kampuni. Austin na San Antonio hazimo, kwa kuwa huko umeme bado ni wa manispaa. Katika tovuti ya serikali ya jimbo iitwayo Power to Choose utakuta mipango mingi imepangwa kwa bei, na wengi huchukua ule wenye senti chache kuliko yote. Mimi nashikilia kwamba bei hiyo inayoongoza orodha ndiyo ya mwisho kuaminika. Kinachopaswa kulinganishwa ni bili ya mwaka mzima, kwa matumizi ya nyumba yako wewe.

Tuanze na kile hasa unachonunua. Nguzo, nyaya na mita havibadiliki hata ukihama kampuni mara kumi: Houston ni vya CenterPoint, Dallas ni vya Oncor, na umeme ukikatika hao ndio wa kupigiwa simu. Gharama ya kusafirisha umeme hadi mlangoni kwako husimamiwa na tume ya jimbo, na wateja wa majumbani wa eneo moja hutozwa kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo hakuna kampuni yenye umeme wenye nguvu zaidi au usiokatika. Wewe na jirani yako mnatumia umeme uleule. Mnachotofautiana ni mkataba. Na kama bidhaa yenyewe ni mkataba, basi kuchagua ni kazi ya kusoma na kupiga hesabu.

Kila mpango sharti uwe na waraka mfupi uitwao Electricity Facts Label, unaoonyesha wastani wa bei kwa matumizi ya uniti 500, 1,000 na 2,000 kwa mwezi. Hapo ndipo mtego ulipo. Chukua mfano: mpango wa kwanza unatoza senti 16 kwa uniti, usafirishaji ukiwemo, lakini unakupunguzia dola 100 mwezi ambao umefikisha uniti 1,000. Ukitumia 1,000 kamili unalipa dola 60, yaani senti 6 kwa uniti, na hiyo ndiyo bei inayotangazwa. Ukitumia 999 unalipa karibu dola 160. Mpango wa pili ni senti 12 kwa uniti, bila punguzo lolote. Sasa weka nyumba inayotumia uniti 700 kwa miezi minane, na 1,300 kwa miezi minne ya joto. Mpango wa "senti 6" utaigharimu dola 1,328 kwa mwaka. Ule wa senti 12 utaigharimu dola 1,296. Bei iliyoonekana nusu imegeuka kuwa kubwa, na hakuna aliyedanganya: waraka umeeleza kila kitu kwa anayeusoma. Mipango ya umeme wa bure usiku ipime vivyo hivyo, kwa kuuliza uniti za mchana zinauzwa kiasi gani.

Hesabu hii inahitaji matumizi ya miezi 12. Aliyekwisha kaa katika nyumba yake atayapata kwenye bili zake au kwenye tovuti ya Smart Meter Texas, inayohifadhi takwimu za mita. Mgeni hana historia hiyo, lakini anaweza kumuuliza mwenye nyumba au jirani mwenye fleti ya ukubwa uleule, na aulize pia kama jiko na kipasha joto ni vya umeme au vya gesi. Makadirio yakiwa hafifu, ni salama kuchukua mpango wenye bei moja kwa kila uniti, kwa sababu makosa ya kukadiria hayatakugharimu sana. Asiye na historia ya mikopo anaweza kudaiwa amana, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia umeme wa kulipia kabla, wakiuona kama LUKU ya TANESCO. Unafaa kwa kuanzia, lakini upigie hesabu ileile kabla ya kuuzoea.

Wapo wanaosema mkataba wa mwaka ni kifungo, afadhali bei inayopanda na kushuka na soko. Jibu lilitolewa na baridi ya Februari 2021. Bei ya jumla ilifika dola 9,000 kwa megawati-saa, yaani dola 9 kwa uniti moja, na wateja wa Griddy, waliokuwa wakinunua kwa bei hiyo ya jumla, walipata bili za maelfu ya dola. Kampuni hiyo iliomba kufilisika mwezi uliofuata, na mwaka huohuo jimbo likapiga marufuku mipango ya aina hiyo kwa wateja wa majumbani. Bei zinazobadilika kila mwezi bado zipo, na mteja ambaye mkataba wake umeisha bila kuchagua upya huangukia humo. Kuvunja mkataba kuna adhabu, ndiyo, lakini katika siku 14 za mwisho unahama bila kulipa chochote, na hali ni hiyo hiyo ukihama makazi na kuonyesha anwani mpya. Tarehe ya kuanza siku hizo 14 iandike kwenye kalenda ya simu yako siku ileile unayosaini.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaohoji soko lenyewe. Uchambuzi wa gazeti la Wall Street Journal mwaka 2021 uligundua kwamba tangu 2004 wateja wa soko huria la Texas walilipa dola bilioni 28 zaidi ya ambavyo wangelipa kwa viwango vya mashirika ya kizamani. Sioni sababu ya kulibisha hilo. Soko linalomtaka kila mteja awe mhasibu humwelemea asiye na muda na asiyeisoma vyema lugha ya mkataba, na ni haki kudai sheria bora. Lakini mkazi wa Houston hana shirika la umma la kukimbilia, na asipochagua, kampuni itamchagulia. Hesabu ya saa moja haitalirekebisha soko. Itazuia tu fedha za familia kutoka bila sababu. Kwa hiyo unayeijua ifanye pamoja na asiyeijua, msikitini, kanisani au kwenye kikundi cha WhatsApp, kabla aliyefika juzi hajatia saini.