CHUO CHA WASICHANA HUANZIA KIJIJINI

Somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi. Baada ya kila sehemu msomaji anyamaze kidogo, wanachama wazungumze.

1. Shida yenyewe

Ndugu wanakikundi, tunapotembelea vijiji tunasikia neno moja: "Barua ikitoka chuoni, ujue ni deni." Mzazi huitwa karo isipolipwa, au binti akikosa. Akina baba wengi hawajui binti anajifunza nini, wala lango la chuo hawajaliona. Basi mvua ikikosa, au mtu akija na posa, binti ndiye anayetolewa kwanza. Si kwamba hapendwi. Lakini nani atauza ng'ombe kwa ajili ya kitu asichokijua?

2. Mfano kutoka India

Katika jimbo la Rajasthan kuna chuo kikuu cha wasichana kiitwacho Banasthali Vidyapith. Kiko mashambani, kusini mwa mji wa Jaipur. Chuo hiki hakikuanza na majengo. Mwaka 1927 Bwana Hiralal Shastri aliacha cheo kikubwa katika serikali ya Jaipur. Mwaka 1929 yeye na mkewe, Bi. Ratan, walihamia kijiji cha Banthali wakafanya kazi ya maendeleo, huku wakiwafundisha wengine kazi hiyo.

Walikuwa na binti, Shantabai. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameanza kufyatua matofali ya udongo kwa mikono yake, ili apate mahali pa kufundishia watoto. Aprili 1935 aliugua ghafla akafa, akiwa na miaka 12. Oktoba mwaka huo huo wazazi wake waliwaomba marafiki wawape mabinti zao wawafundishe. Walikuja watano au sita tu. Kazi ikakua, na mwaka 1983 ikapata hadhi ya chuo kikuu.

3. Tunajifunza nini?

(a) Kujuana kwanza. Tuhesabu: kutoka 1929 hadi 1935 ni miaka 6 ya kukaa na watu kabla ya kuomba binti wa mtu. Wazazi waliwatoa mabinti kwa watu waliowafahamu.

(b) Masomo yaonekane. Pale msichana hufundishwa kwa njia tano: mwili, kazi za mikono, sanaa, maadili na akili. Wengine hupanda farasi, hata kurusha ndege. Mzazi anaona kwa macho kile mtoto anachoweza.

(c) Asiyenacho asiaibike. Wote huvaa khadi, yaani nguo ya uzi uliosokotwa kwa mkono. Mtoto wa tajiri na wa maskini huwezi kuwatofautisha kwa mavazi.

4. Tufanye nini hapa kwetu?

Kwanza, kikundi kialike walimu wa chuo mara moja kila muhula, waje kijijini wasidai karo siku hiyo. Waje na wanafunzi: wa ushonaji watengeneze sare zilizoraruka, wa kilimo waonyeshe miche. Mzazi akimwona binti yake akifundisha majirani, hahitaji hotuba.

Pili, akina baba waalikwe kwa majina, kupitia mzee wa kijiji. Wakiambiwa "wazazi wote karibuni," watakuja akina mama peke yao.

Tatu, mambo ya karo yazungumzwe mapema. Ulizeni kama chuo kitapokea mahindi na maharagwe ya jikoni kwa bei ya soko. Kikikubali, yapimwe mbele ya mzazi na risiti iandikwe. Bila risiti ugomvi hautakosa.

Nne, tujue haki za binti. Sheria ya Ndoa ya 2014 yasema hakuna kuolewa kabla ya miaka 18. Na tangu 1994 sera ya elimu inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Uzazi si mwisho wa masomo.

5. Maswali ya kikundi

- Ni wasichana wangapi wa kijiji chetu waliacha masomo karibuni? Nani aliwatembelea?
- Chuo kilicho karibu kinafundisha nini? Nani kati yetu amewahi kufika?
- Ni mwanachama gani atapeleka mwaliko wetu kwa mkuu wa chuo, na siku gani?

Swali la mwisho msiliache mpaka jina na tarehe viandikwe katika kitabu cha mikutano. Mkutano ujao, aliyetumwa aeleze alijibiwa nini.