Jumatano: Mnyonya Damu Anapopendwa

Soma Mwanzo 3:1-6. Linganisha jinsi Hawa alivyouona mti katika fungu la 3 na alivyouona katika fungu la 6. Je, mti wenyewe ulibadilika?

Mti haukubadilika. Matunda yake yalikuwa yale yale, na onyo la Mungu lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni macho ya Hawa, baada ya kusikiliza hadithi ya nyoka.

Badiliko la namna hiyo laonekana katika riwaya za kubuni. Mwaka 1897 Bram Stoker, mzaliwa wa Dublin, alichapisha Dracula. Humo mnyonya damu ni mfu anayelala mchana ndani ya sanduku la udongo na ambaye sura yake haionekani katika kioo. Watu wema wanamwinda mpaka wanamwua. Msomaji alikusudiwa amwogope. Mwaka 1976 Anne Rice wa Marekani alitoa riwaya ambamo mnyonya damu mwenyewe anasimulia huzuni zake, na msomaji akaanza kumhurumia. Kisha mwaka 2005 Stephenie Meyer akatoa Twilight. Sasa kiumbe huyo ni kijana mwenye sura nzuri, ngozi yake inametameta juani, na jamaa yake hunywa damu ya wanyama tu. Msichana anampenda, hata anatamani kugeuzwa awe kama yeye. Katika miaka 108 hofu imekuwa huruma, na huruma imekuwa shauku.

Je, basi kila hadithi yenye viumbe wa kubuni ni mbaya? Soma Waamuzi 9:7-15. Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu habari za miti iliyokwenda kutafuta mfalme. Miti haisemi, lakini hadithi yake ilifunua uovu wa Abimeleki. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: hadithi hii inanifundisha kupenda nini, na kuchukia nini?

Wanyonya damu wa riwaya hawapo, lakini Shetani yupo, na ahadi iliyofichwa katika riwaya hizi ni ile ya Edeni: kwamba mwanadamu aweza kuishi milele pasipo Mungu. Biblia yakanusha jambo hilo (Mhubiri 9:5, 1 Timotheo 6:16). Kijana aliyefiwa na mama yake, naye hajafundishwa hali ya wafu, anaweza kuvutwa sana na ahadi hiyo. Kumnyang'anya kitabu bila kumpa tumaini ni kumwacha mikono mitupu.

Tumaini hilo lipo. Mnyonya damu huchukua damu ya wengine ili yeye aishi. Kristo alitoa damu yake mwenyewe ili wengine waishi (1 Petro 1:18, 19). Naye atawaita wafu wake watoke makaburini, si kwa kunyemelea usiku, bali kwa sauti ya parapanda (1 Wathesalonike 4:16, 17).

Ni jambo gani ulilokuwa ukiliogopa zamani, nawe leo huliogopi tena? Je, kilichobadilika ni jambo lenyewe, au ni macho yako? Kijana akikuuliza, "Hiki si kitabu cha hadithi tu?", utamjibuje kwa upendo?