Chimba Mizizi Kabla ya Kununua Bakteria wa Pakiti

Wakulima wa maharagwe na soya hununua bakteria wa pakiti, wa kupaka kwenye mbegu, ili wapunguze gharama ya mbolea. Shamba moja huitikia vizuri, jingine halionyeshi tofauti. Mara nyingi sababu ni ushindani ulio ardhini.

Bakteria hawa, waitwao raizobia, huingia kwenye mizizi ya mikunde na kuunda vinundu. Humo hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwapa sukari. Lakini mmea hauruhusu vinundu bila kikomo: vya kwanza vikishaota, huzuia vingine. Kwa hiyo wanaotangulia kwenye mzizi ndio hupata nafasi.

Bakteria wenyeji wametapakaa shamba lote na wamezoea udongo wake. Wa pakiti hubaki karibu na mbegu. Maharagwe hupokea raizobia wa aina nyingi, hata wavivu wanaounda vinundu lakini hutoa naitrojeni kidogo. Aina nyingi za soya huchagua zaidi, hivyo katika shamba lisilowahi kupandwa soya washindani huwa wachache na pakiti huleta faida.

Fanya hivi:

1. Mimea inapoanza kutoa maua, chimba 10 kutoka sehemu mbalimbali. Usiing'oe kwa mkono, vinundu vitabaki ardhini. Osha mizizi taratibu, kisha kata vinundu. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, havisaidii.

2. Vinundu vyekundu vikiwa vingi, huenda pakiti isiongeze kitu. Vikiwa vichache, msimu ujao jaribu pakiti kwenye mistari michache, uache mingine bila, kisha ulinganishe mavuno.

3. Nunua pakiti ya zao lako. Ya soya haifai maharagwe. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Paka mbegu kivulini na upande siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu.

4. Usizidishe mbolea ya naitrojeni kama CAN au urea. Mmea ulioshiba hupunguza vinundu. Fosforasi inahitajika. Udongo wenye asidi nyingi huhitaji chokaa, lakini upimwe kwanza.

Ukiwa na shaka, mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako mimea uliyochimba, ikiwa na mizizi yake, kabla ya kutumia pesa.